Mkojo Ukiponyoka, Pesa Iende Wapi Kwanza?

Pedi mbili kwa siku ni pedi 730 kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya dukani kwako uone unacholipa mwaka hadi mwaka huku tatizo likiwa palepale. Wanawake wengi wanaoponyokwa na mkojo wakikohoa, wakicheka au wakijitwisha ndoo wameishia kwenye pedi kwa kuwa waliambiwa ndio uzazi, ndio utu uzima, wavumilie. Ushauri huo unaniuma, maana tiba ya kwanza haiuzwi.

Tiba yenyewe ni kukaza misuli ya sakafu ya nyonga, zoezi lililoenezwa na daktari Arnold Kegel wa Marekani tangu 1948. Kaza kama unayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, vuta kwa juu, kisha legeza kabisa. Matako na mapaja yatulie, na pumzi usiibane. Mwongozo wa tiba wa Uingereza unataka angalau kukaza mara 8, mikupuo 3 kwa siku, kwa miezi 3. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2018 yalikuta kuwa kati ya wanawake wanaovuja kwa kukohoa au kunyanyua mzigo, 56 katika kila 100 waliofanya mazoezi walisema wamepona. Kwa wasiopata tiba, 6 tu.

Ukiwa na pesa ya kitu kimoja, mlipe mtaalamu wa fiziotherapia anayejua nyonga za wanawake. Wako wengi wanaosukuma chini wakidhani wanakaza, na miezi inapotea bure. Akishakupima na kukuelekeza, kazi iliyobaki unaifanya ukiwa jikoni au kwenye daladala.

Vifaa vya umeme vinavyoonyesha kwenye skrini jinsi unavyokaza nisingevinunua. Huko Uingereza wanawake 600 walifuatiliwa miaka miwili, na matokeo yaliyochapishwa 2020 hayakuonyesha kwamba kifaa kiliongeza nafuu juu ya mazoezi matupu. Leza ya ukeni ndiyo kabisa: mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya dhidi ya kuitangaza kwa shida hii.

Vidonge kama oxybutynin ni vya anayebanwa ghafla asifike chooni. Hukausha mdomo, huleta choo kigumu, na vinanunuliwa kila mwezi. Upasuaji uwe wa mwisho. Ule wa kuweka wavu ukeni Uingereza iliusimamisha Julai 2018 baada ya wanawake wengi kulalamikia maumivu.

Ila mkojo ukichuruzika usiku na mchana baada ya uzazi mgumu, huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na hiyo haiponi kwa mazoezi. Nenda hospitali, CCBRT ya Dar es Salaam huitibu bure. Ukiona damu au ukihisi mkojo unachoma, upimwe kwanza kabla ya kuanza lolote.