Mlima Elgon: Aandikwe Kabla ya Kupanda

Wahenga walisema kwamba milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Kwetu sisi tunaoishi chini ya Mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba, mlima wenyewe ndio unaotukutanisha. Magharibi yake ni Uganda na mashariki yake ni Kenya. Msabiny wa Kween na Msabaot wa Endebess husalimiana kwa lugha wanayoelewana. Mgisu wa Mbale na Mbukusu wa Bungoma huhesabiana udugu. Watu wa pande hizi wamekuwa wakipanda na kuteremka mlima huu tangu zamani, kabla mpaka haujachorwa.

Leo njia hizo hupitwa pia na wageni wanaokuja kwa ajili ya kupanda hadi vileleni. Makala haya yanaeleza jinsi njia zilivyo, hatari zilizopo, na sababu ya Polisi kusisitiza jambo moja: kila anayepanda mlima aandikwe jina kabla hajaingia msituni.

Mlima mmoja, hifadhi mbili

Elgon ni volkano iliyozimika. Juu yake kuna kaldera, yaani bonde kubwa la mviringo lililobaki baada ya kilele cha kale kudidimia, lenye upana wa takriban kilomita 8. Vilele vimeuzunguka ukingo wake. Kilicho kirefu kuliko vyote ni Wagagai, mita 4,321, kilichoko Uganda. Koitoboss, chenye mita 4,222, kiko Kenya.

Kenya ilitangaza sehemu yake kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na Uganda ikafanya hivyo mwaka 1993. Upande mmoja husimamiwa na KWS, na wa pili na UWA. Mpaka wa nchi hufuata Mto Suam upande wa kaskazini na Mto Lwakhakha upande wa kusini. Katikati hupita juu mlimani, mahali pasipo na ukuta wala kizuizi. Mtu aliyefunikwa na ukungu ndani ya kaldera anaweza kubadili nchi bila kujua.

Njia zinazotambuliwa

Upande wa Uganda zipo njia kuu tatu. Njia ya Sasa huanzia Budadiri. Ni fupi, lakini ina mwinuko mkali tangu siku ya kwanza. Njia ya Piswa huanzia Kapkwata; ni ndefu zaidi na mteremko wake ni wa pole, hivyo humpa mpandaji nafasi ya kuizoea hewa ya juu. Njia ya Sipi huanzia Kapkwai na kupita katika msitu wenye mapango. Safari ya kufika Wagagai na kurudi kwa kawaida huchukua siku nne au zaidi.

Upande wa Kenya, wengi huingia kwa lango la Chorlim, karibu na Endebess. Barabara ya hifadhi hupanda hadi mahali ambapo gari huachwa, kisha njia ya miguu huelekea Koitoboss.

Katika njia hizi zote mpandaji hupita msitu mnene, kisha mianzi, kisha nyika ya juu yenye milobelia mikubwa. Zina kambi, zina maji, na askari wa wanyamapori wanazijua kona zake. Hiyo ndiyo tofauti kati yake na njia za panya, ambazo hujulikana na wachache tu, na wengi wa hao wachache hawapendi kuonekana.

Inawezekana kupanda kutoka nchi moja na kuteremkia nyingine. Hata hivyo, safari ya namna hiyo hupangwa kabla, kwa ruhusa ya hifadhi zote mbili na kwa kufuata taratibu za uhamiaji za nchi zote mbili. Hakuna afisa wa kugonga muhuri kileleni. Anayetaka kuvuka kwa shughuli nyingine zisizohusu kupanda mlima atumie vituo vya mpakani vya Suam na Lwakhakha.

Mlima hauna mwenyewe

Wenyeji wengine husema, "Mimi nimezaliwa hapa, mlima utanifanya nini?" Mlima haumjui mwenyeji wala mgeni. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Kwa hiyo mchana wa jua kali mjini Mbale unaweza kuwa mchana wa baridi kali pale Wagagai, na usiku maji huganda. Mtu aliyelowa mvua, akapigwa na upepo, naye hana nguo kavu, anaweza kufa kwa baridi hata bila kuanguka wala kujeruhiwa.

Ipo pia maradhi ya mwinuko, ambayo huweza kumpata mtu kuanzia mita 2,500 hivi. Dalili zake za mwanzo ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na kukosa hamu ya chakula. Mwenye dalili hizo asiendelee kupanda. Akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema hata akiwa ameketi, ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku. Ujana na misuli si kinga. Mwenda pole hajikwai, na mlimani mwenda pole ndiye anayefika.

Mapango nayo yana hatari yake. Pango la Kitum, upande wa Kenya, linajulikana kwa tembo wanaoingia gizani kulamba chumvi ya miamba. Mwaka 1980, na tena mwaka 1987, mtu aliyekuwa amelizuru pango hilo aliugua ugonjwa wa Marburg na kufariki. Wanasayansi wamekwisha kuthibitisha kwamba popo wala matunda hubeba virusi vya ugonjwa huo. Mwaka 2017 ugonjwa huohuo ulizuka wilayani Kween, upande wa Uganda, na mmoja wa wagonjwa alikuwa amevuka kwenda Kenya kabla ya kufa. Wahudumu wa afya wa nchi zote mbili walilazimika kuwatafuta watu aliokutana nao. Kazi ya namna hiyo huwa nyepesi pale ambapo safari ya mtu inajulikana, na huwa ngumu mno pale alipopita kwa siri. Basi, usiingie katika pango lenye popo.

Daftari la langoni

Mpandaji anapofika langoni huandikwa jina, njia atakayoifuata na siku anayotarajiwa kurudi. Hupewa mwongozaji na askari wa kumlinda. Wako wanaoliona jambo hili kuwa ni usumbufu, au njia ya kutoza ada tu. Tulitazame kwa jicho la mwokoaji.

Mtu aliyeandikwa asiporudi siku ya nne, askari wanajua pa kuanzia: njia ipi, kambi ipi, watu wangapi. Mtu aliyepitishwa kwa njia ya panya asiporudi, hakuna anayejua kama yuko bonde hili au lile, nchi hii au ile. Utafutaji huanza kwa kuuliza vijiji, na siku zinapita. Tena, anayekutwa usiku mbali na njia halali huweza kudhaniwa kuwa jangili au mwizi wa mifugo. Hatari hiyo humkabili yeye na humkabili pia askari anayemwendea asijue ni nani.

Kwa sababu hiyo tunawaomba vijana wa vijiji vya kando ya msitu wakatae fedha za mgeni anayetaka kupitishwa kwa siri. Malipo ya siku moja hayalingani na kesi, wala hayalingani na maiti ya mtu uliyemwongoza mwenyewe. Kijana anayeujua mlima na aende ofisi ya hifadhi, aulize namna ya kufanya kazi ya upagazi au ya kuongoza wageni kwa utaratibu. Ikumbukwe pia kwamba nchini Uganda asilimia 20 ya ada za kuingia hifadhini hurudi kwa jamii zinazopakana na hifadhi. Mgeni aliyekwepa lango amekwepa pia fungu la kijiji.

Mwenyeji anayeingia kuchuma malewa, yaani machipukizi ya mianzi, au mazao mengine yanayoruhusiwa, afuate makubaliano ya jamii yake na hifadhi, na amwambie mtu wa nyumbani anakokwenda na saa ya kurudi. Hilo nalo ni daftari.

Mtu asiporudi

Wapo wanaoamini kwamba ni lazima saa 24 zipite kabla ya kuripoti mtu aliyepotea. Mlimani usiku mmoja unatosha kuua. Ripoti mara saa aliyoahidi inapopita na hali inakutia shaka: kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa chifu, kwa mzee wa Nyumba Kumi, kwa askari wa wanyamapori au kituo cha polisi kilicho karibu.

Namba za dharura 999 na 112 hutumika Uganda na Kenya pia. Lakini karibu na mpaka simu huweza kudaka mtandao wa nchi jirani, na atakayepokea akawa wa upande wa pili. Kwa hiyo sema kwanza uko nchi gani na wapi, kisha taja jina la aliyepotea, nguo alizovaa, njia aliyoifuata na mara ya mwisho alipoonekana. Ukiona umepokewa upande wa pili, usikate simu. Toa taarifa yote, na uombe ipelekwe kwa wenzao.

Na hili tulisisitize kuliko yote. Hata kama aliyepotea aliingia bila kibali, hata kama ni wewe uliyemwonyesha njia, toa taarifa. Suala la kibali lina siku yake. Kwanza mtu aonekane, ateremshwe, apewe uji wa moto na blanketi, arudi kwao akiwa hai.