Kikorea cha miezi mitatu na viza isiyokuwepo

Swali ni lilelile, litoke Ntimaru, Kegonga au Isebania: "Mwalimu, nikimaliza kozi ya Kikorea ya miezi mitatu, viza ya kazi itachukua muda gani?" Nimelijibu kwa simu, nimelijibu kwa ujumbe, nimelijibu mbele ya wazazi waliokuja na mtoto wao pamoja na mjomba wa kushuhudia. Sasa nalijibu kwa maandishi. Viza hiyo haipo. Haijakwama ubalozini, wala haingoji kuongezewa kitu kidogo. Haipo.

Wafanyakazi wa viwandani, mashambani na kwenye uvuvi huingia Korea Kusini kwa viza ya E-9, chini ya mpango ulioanza mwaka 2004. Mpango huo ni wa serikali kwa serikali. Korea hutia saini mkataba na nchi moja moja, na taasisi ya umma ya nchi hiyo ndiyo inayosajili watu na kupeleka majina, baada ya watu hao kufanya mtihani wa Kikorea uliotungwa mahususi kwa mpango huo. Wakala wa kibinafsi hana nafasi hapo. Nepal imo, Ufilipino imo, Vietnam, Sri Lanka, Bangladesh, Indonesia na nyingine kadhaa. Zote ni nchi za Asia. Hadi ninapoandika, hakuna hata nchi moja ya Afrika. Kwa hiyo video unayoonyeshwa ya kijana wa Nepal akifunga skrubu kiwandani huenda ni ya kweli kabisa, ila mkataba uliompeleka kijana huyo hauitaji Kenya popote.

Wakala akibanwa hapo, hugeuza maneno: basi utafundisha Kiingereza, si Wakenya tunakijua? Viza ya walimu wa Kiingereza ni E-2, na Korea huitoa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haimo. Hata ukiwa na A ya Kiingereza kwenye KCSE, kinachoangaliwa kwanza ni pasipoti.

Hapo hubaki hadithi ya tatu, nayo ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu nusu yake ni kweli. Ipo viza ya D-4, ya mtu anayekwenda kusoma lugha katika chuo cha Korea. Wakala huiuza kana kwamba ni viza ya kazi. Hakwambii kwamba karo unalipa mwenyewe, kwamba lazima uonyeshe akiba benki, na kwamba hata kibarua cha saa chache huruhusiwi kuomba kabla miezi sita haijapita. Anayeanza kufanya kazi kabla ya ruhusa hiyo amevunja sheria na anaweza kurudishwa nyumbani, na deni alilolikopa linamsubiri palepale.

Mzazi mmoja wa Ntimaru alinionyesha risiti yake. Ilikuwa imechanwa kwenye kile kitabu cha risiti kinachouzwa dukani, imeandikwa kwa kalamu ya bluu "ada ya Korea". Haikuwa na muhuri, wala nambari ya usajili, wala jina la chuo. Pesa zenyewe zilitokana na fahali wawili na mauzo ya tumbaku ya msimu mzima. Anayejua kazi ya tumbaku Kuria, tangu kitalu hadi kukausha majani kwa kuni usiku kucha, anaelewa kwa nini suala hili linaniudhi. Mawakala wa ajira nchini wanatakiwa kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Kuulizia usajili huo ni kazi ya asubuhi moja, na mzazi yule hakuna aliyemwambia.

Tuje kwenye lugha yenyewe, maana hata kama viza ingekuwepo, miezi mitatu isingetosha. Alfabeti ya Hangul, iliyotangazwa na Mfalme Sejong mwaka 1446, ina herufi 24 za msingi. Mwanafunzi mwenye bidii huzishika kwa wiki moja, na urahisi huo ndio unaowapoteza watu. Ukiweza kusoma bango la duka la Seoul, unajiona umefika. Kipimo kinachotambuliwa ni mtihani wa TOPIK, wenye viwango sita. Viwango viwili vya chini ni kusikiliza na kusoma tu. Kuanzia cha tatu unaandika: swali la 54 linataka insha ya herufi 600 hadi 700 kuhusu jambo la kijamii, ndani ya dakika 50 ambazo pia ni za maswali mengine matatu. Na matokeo hudumu miaka miwili, kisha unafanya upya.

Tamthilia nazo? Zitazame, zinanoa sikio. Lakini maongezi mengi ya tamthilia ni ya marafiki na wapenzi, na kitenzi cha Kikorea hubadilika kulingana na unayezungumza naye. Ukimwandikia profesa kwa lugha ya wapenzi, umemwongelesha baba mkwe kama rika lako, na kwa Wakuria sina haja ya kueleza uzito wa kosa hilo.

Njia zilizopo ni hizi. Kama unataka usomi, anza na Global Korea Scholarship, ufadhili wa serikali ya Korea. Kwa shahada ya kwanza uwe chini ya miaka 25, kwa uzamili na uzamifu chini ya 40, alama zako zikiwa asilimia 80 au zaidi. Unalipiwa nauli, karo, posho na mwaka mmoja wa lugha, na mwisho wa mwaka huo lazima ufikie kiwango cha tatu cha TOPIK ndipo uendelee na digrii. Maombi hupitia ubalozi ulioko Nairobi au chuo chenyewe. Kwa kusoma nchini, Kikorea kimekuwa kikifundishwa Chuo Kikuu cha Nairobi, na King Sejong Institute ina masomo ya bure mtandaoni. Ukifika uzamili, fuatilia Academy of Korean Studies iliyoko Seongnam, na Korea Foundation.

Usisome Kikorea peke yake. Oanisha na isimu, historia, uchumi au kilimo, kwa sababu nafasi za kufundisha Kikorea kitupu nchini ni chache mno, na uhadhiri unadai uzamifu, yaani zaidi ya miaka kumi baada ya Kidato cha Nne. Chuo Kikuu cha Hankuk cha Masomo ya Kigeni, kule Korea, kimefundisha Kiswahili tangu miaka ya 1980. Mtu aliyekulia na Igikuria, Kiswahili na Dholuo, akiongeza isimu na Kikorea cha kiwango cha tano, ana jambo la kuwaambia wasomi wa huko.

Kazi za mtandaoni zipo, ila hazimtafuti anayeanza. Tafsiri nyingi ni kati ya Kikorea na Kiingereza. Mashine hutoa rasimu, binadamu hulipwa kuisahihisha, na kusahihisha kunataka kiwango cha sita. Manukuu ya filamu kwenye tovuti ya Viki huandikwa na watu wa kujitolea: ni mazoezi mazuri, si mshahara. Kuwafundisha Wakenya wanaoanza ni kazi halisi, na huhitaji kuwa Mkorea kuifanya. Ukiajiriwa na ofisi ya Seoul, kumbuka saa zao ziko sita mbele: wakianza kazi saa tatu asubuhi, Ntimaru ni saa tisa usiku, na umeme usiwe umekatika.

Fomu ya Global Korea Scholarship haiuzwi, na serikali ya Korea haidai ada ya kuipokea. Anayekudai pesa ili akupatie nafasi ya ufadhili huo, usimlipe hata shilingi. Chukua jina lake, nambari yake ya simu na risiti yake, uende kituo cha polisi kilicho karibu nawe.