Waya, Mkongo na Mtandao

Iringa na Mbeya, miji iliyoachana kwa kilomita zaidi ya 300, imeunganishwa na Mkongo wa Taifa ulioanza kujengwa mwaka 2009. Wengine husema mkonga, kama wa tembo. Wengi huuita waya, nalo ni kosa lipotezalo wanafunzi. Waya wa shaba huchukua umeme: majumbani mwa kazi huwa nyaya nane zilizosokotwa jozi jozi, zikaishia katika plagi ya pini nane, wala kwa kanuni hauvuki mita 100. Mkongo ni nyuzi za kioo zichukuazo mwanga. Hata hivyo, katika kielelezo cha matabaka saba kilichotolewa mwaka 1984, tofauti hiyo yote hukaa tabaka la chini kabisa. Ya juu hayatambui shaba wala kioo. Ndipo neno mtandao, litokanalo na kutanda, lifaapo kwa vyote viwili.