Maji ya Kuogelea na Maji ya Kutazama

Watoto wa Kawangware, sogeeni. Nyinyi mnaoruka mtaro pale steji ya 46 bila kuloa kiatu, leo nawapeleka mahali ambapo kiatu unakivua kwa hiari yako.

Ni Shimba Hills, Kwale. Tulipanda treni ya SGR hadi Mombasa, tukavuka feri ya Likoni, tukaingia matatu ya Kwale. Kule mbugani tulipewa askari wa wanyamapori, bunduki begani. Mdogo wetu kuliko wote akauliza, "Afande, hiyo ni ya kutupiga tukipiga kelele?"

"Ni ya kumtisha ndovu," akasema. "Lakini kelele nazo acheni."

Njia yenyewe ni fupi, kama kilomita mbili za kuteremka. Katikati, afande alisimama, akainama, akaweka kiganja juu ya bonge la mavi kubwa kama mkate. "Ni baridi. Alipita jana." Tukashusha pumzi. Akalipasua kwa kijiti: ndani mlikuwa na nyuzi za majani na mbegu nzima, hata hazikusagika. Ndovu, kumbe, ni mkulima. Anakula tunda huku, anapanda mti kule, na mbolea juu!

Halafu miti ikafunga anga. Nikasikia mngurumo nikadhani ni lori. Lori gani huku? Yalikuwa maporomoko ya Sheldrick: mita 21, yaani ghorofa saba za maji yanayoanguka. Yanapotua yamechimba mwamba kwa miaka isiyohesabika, ndipo pakapatikana bwawa. Afande alituonyesha pa kuingilia, akatukataza kusimama chini kabisa ya maporomoko, kwa sababu maji hushuka na mawe pia. Tukaingia. Baridi ile! Nilipiga ukelele ambao nilikuwa nimeufunga mdomoni njia nzima.

Yule mdogo, meno yakigongana, akauliza swali lililonirudisha Nairobi: "Mbona Karura hatuogelei?"

Swali zuri. Karura ina maporomoko yake, ya mita kama 15, na mapango waliyojificha wapiganaji wa Mau Mau. Msitu wenyewe ulikuwa karibu kugawanywa viwanja. Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti, na leo hatuna budi kuwashukuru kila tunapopata kivuli pale. Lakini maporomoko ya Karura ni ya kutazama tu. Mto wake hauzaliwi msituni. Unafika pale ukiwa umeshapita mitaani, umebeba maji machafu na chochote kilichotupwa.

Maji ya Sheldrick yanatoka ndani ya msitu. Kule mvua haipigi ardhi kofi. Inagonga majani ya juu, inadondokea ya chini, inatua kwenye majani makavu, kisha inazama taratibu kama chai ndani ya mandazi. Udongo na mchanga huyachuja maji hayo, na kiangazi kikija bado yanatoka kidogo kidogo. Ndiyo maana maji ya chemchemi za Marere, humo humo Shimba, yamekuwa yakipelekwa Mombasa kwa mabomba tangu enzi za ukoloni. Msitu ni tangi na chujio kwa pamoja, na hauna bili ya stima.

Sasa niwaambie la kwetu. Mto Nairobi, ule unaopita kati ya Kawangware na Kangemi, unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, pale Kikuyu. Si mbali hata kidogo. Unatupita sisi, unapita katikati ya jiji, unaingia Athi, mbele unaitwa Galana, kisha Sabaki, na unamwaga maji yake baharini karibu na Malindi. Kesho ukivuka kile kidaraja na karatasi ya chipsi mkononi, kumbuka kuna mtoto anaogelea kule chini.