Nibebe Nini Nikienda Kuvua Garsen?

Muuzaji aliniuliza, "Maji yako ya nyumbani ni yapi?" Nilikuwa dukani kwake Kinross, Uskoti, nimeshika fimbo ya kuvulia nisiyojua hata pa kuishikia. Wavuvi wa huku wanapotaja maji ya nyumbani wana maana ya mto au ziwa ambalo mtu hulivua kila wiki, akalijua jiwe kwa jiwe. Alitaka kunipimia vifaa. Mimi nikamjibu kama mtu aliyeulizwa kwao: Garsen, mto Tana. Akaandika Garsen kwenye karatasi yake, nadhani akiwaza kijiji fulani cha milima ya kaskazini, halafu akaanza kunitolea bidhaa.

Nilitoka na mfuko mkubwa kuliko nilioukusudia. Tangu niandike habari ya siku ile, kila inapokaribia Desemba napata ujumbe wa wenzangu walioko Leicester, Minneapolis na Doha: naenda nyumbani, nataka kuvua kwa nzi bandia kama ninavyovua huku, nibebe nini kichache kitakachotosha? Jibu langu lina kona nyingi, kwa sababu Tana si mto mmoja. Una urefu wa karibu kilomita 1,000, na fimbo inayofaa kichwani mwake ni kichekesho mkiani.

Kwanza tuelewane kuhusu kifaa chenyewe. Aliyekulia kwenye mshipi wa kwetu anajua kwamba kinachokwenda mbali ni chubwi. Unazungusha, unaachia, chubwi linaruka na mshipi unalifuata. Nzi bandia hana uzito wowote: ni unyoya wa shingo ya jogoo, uzi, pengine manyoya ya sungura, vimefungwa kwenye ndoana ambayo mara nyingi ni ndogo kuliko ukucha wa mtoto. Ukimrusha kama chubwi ataanguka miguuni pako. Kwa hiyo uzito umehamishiwa kwenye mshipi. Mshipi wa nzi ni mnene kama kamba ya kiatu, umepakwa plastiki, na fimbo ndefu laini inaurusha nyuma, inaungoja unyooke hewani, kisha inaurusha mbele. Nzi ni abiria tu.

Hapo ndipo namba za fimbo zinapotoka. Mwaka 1961 chama cha watengenezaji wa vifaa vya uvuvi wa Marekani kilikubaliana kupima futi 30 za kwanza za mshipi, yaani mita 9 na kitu, na kuupa namba kulingana na uzito wake. Mshipi namba 5 una gramu 9 hivi, na namba 8 una kama gramu 13.6. Fimbo namba 5 ni ile inayorusha vizuri mshipi namba 5, basi, hakuna siri nyingine. Ndogo ni za vijito na samaki wadogo, kubwa ni za upepo, bahari na samaki wenye ubishi. Ukilijua hilo, nusu ya maneno ya wauzaji yanakupita pembeni.

Sasa turudi Kinross, maana mji huo uko kando ya Loch Leven, na mto wetu una deni kwa Loch Leven. Trauti wa ziwa lile walisifika sana karne ya 19, na mayai yao yakasafirishwa katika makoloni mengi ya Waingereza. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliyaleta Kenya, na samaki wakawekwa katika mto Gura, kwenye safu ya Aberdare. Huyu ndiye Grogan aliyejulikana kwa safari yake ya kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Kairo, na ndiye huyo huyo aliyewachapa viboko Wakikuyu hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi mwaka 1907. Wanaosimulia habari za trauti kwa kawaida hukitaja kisa cha kwanza wakakiacha cha pili. Mimi navitaja vyote, kwa sababu uvuvi wa nzi ulifika Kenya mikononi mwa watu wa namna hiyo, na kwa miaka mingi mito ile ya baridi ilihesabiwa kuwa mahali pao pa kustarehe.

Gura unaingia kwenye Tana. Ragati na Thego, Thiba, Mathioya, vijito vyote hivyo vya Aberdare na Mlima Kenya ambavyo wavuvi wa nzi wanavitaja kwa mapenzi, vinaishia kwenye mto huu unaopita chini ya daraja la Garsen. Mtu akisimama Kinross na mwingine akisimama Idsowe, karibu na Garsen, kuna uzi wa maji kati yao wenye umri wa zaidi ya miaka 100. Nilipoligundua hilo nilikaa kwenye benchi kando ya ziwa na kucheka peke yangu. Bata waliniangalia.

Basi kama safari yako inapita Nyeri, vifaa vyako vichache ni hivi: fimbo namba 4 au 5 ya vipande vinne inayoingia kwenye begi, rili ndogo, mshipi mmoja unaoelea, bunda la nailoni nyembamba na nzi kumi. Trauti huona kwanza, ndipo akaamua. Maji ya Gura ni baridi na meupe, unahesabu kokoto chini, na samaki anamtazama nzi wako kama mama sokoni anavyolitazama embe. Ulizia kibali mapema, maana sehemu kubwa ya vijito hivyo imo ndani ya hifadhi. Hapo nimemaliza habari za juu, kwa kuwa wapo wanaozijua kuliko mimi.

Kutoka huko mto unateremka. Unazuiwa Masinga, tangu 1981, kisha Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, unazungusha mitambo ya umeme wa Nairobi, halafu unaingia nchi kame ya Garissa na kugeuka kuwa kitu kingine. Mkunga peke yake ndiye aliyekuwa na haki ya kusema anaujua mto wote. Huzaliwa baharini, akaingia mtoni akiwa mwembamba kama uzi, akapanda. Sasa kuta za mabwawa zimemkatia safari.

Mpaka kufika Garsen, maji yamebeba udongo wa nusu ya Kenya. Chota kwa kikombe cheupe na chini ya kikombe huioni. Hapa ndipo mfuko wangu wa Kinross ulipoaibika. Nzi bandia ni chambo cha macho, na katika maji ya rangi ya chai ya maziwa macho hayana kazi. Mfalme wa maji hayo ni kambare, na kambare anawinda kwa masharubu. Masharubu yale yamejaa vionjo. Anapapasa tope gizani, anaionja njia nzima, na akikipata anachokitaka anakimeza bila kuuliza rangi yake. Unyoya wa jogoo hauna ladha. Siku ya kwanza nilirusha kwa saa tatu mbele ya watoto sita, na mmoja akaniuliza kwa adabu kabisa, "Baba, unafukuza mbu?"

Kuna jambo la pili, nalo si la kuchekwa. Huku Uskoti mvuvi wa nzi anavaa viatu vya mpira vinavyofika kifuani, akaingia mtoni mpaka kiunoni ili apate nafasi ya kurusha nyuma. Usivibebe. Tana ina mamba na viboko, na hakuna mtoto wa Garsen anayehitaji kuelezwa kwa nini mtu hasimami majini akiwa ameupa mto mgongo. Utavua kutoka ukingoni, umesimama juu kidogo, macho yako kwenye maji yaliyo karibu na miguu yako kwanza. Na ukingoni kuna miembe na mikoma. Mshipi wako wa nyuma utaning'inia humo kama nguo zilizoanikwa.

Kifaa kilichofaa nilikikuta kwa mjomba. Ufito mrefu, mkavu, wenye kunesa. Mshipi wa nailoni nene, urefu wake kuzidi ufito kidogo, umefungwa nchani moja kwa moja bila rili. Chelezo ni kipande cha kandambili iliyokatika. Chubwi ni plagi kuukuu ya pikipiki. Ndoana ilikuwa ya dukani, na kwenye ndoana mjomba hafanyi mzaha: anaipima kwa kuikuna kwenye ukucha wa dole gumba, ikiteleza anaitupa, ikikwama anaifunga. Chambo ni mnyoo, au utumbo wa kuku uliolala siku moja juani. Gharama ya vyote haifikii bei ya nzi watatu wa Kinross.

Nilimwangalia akifunga ndoana. Alipitisha uzi kwenye tundu, akauzungusha mara tano, akarudisha ncha, kisha kabla ya kukaza akaliweka fundo mdomoni na kulilowesha mate. Nikashtuka. Mwalimu wangu wa Loch Leven, mzee wa miaka 70 na zaidi aliyenifundisha fundo kwa subira kubwa, alifanya hivyo hivyo, akanieleza kwamba nailoni ikikazwa kavu inapata joto la msuguano na kudhoofika pale pale penye fundo. Nikamuuliza mjomba sababu.

"Usipoilowesha inakatika," akasema. "Kwani huko hawajui?"

Kinachonichekesha ni kwamba matajiri wa uvuvi nao wanarudi kwenye ufito. Japani, katika vijito vya milimani, kuna uvuvi wa zamani uitwao tenkara: fimbo ndefu, mshipi uliofungwa nchani, nzi mmoja, hakuna rili. Daniel Galhardo aliupeleka Marekani na kuanzisha kampuni ya kuuza fimbo hizo mwaka 2009. Yvon Chouinard, mwanzilishi wa kampuni ya nguo ya Patagonia, ameupigia debe katika kitabu alichokitoa na wenzake mwaka 2014, akihimiza watu wapunguze vifaa na waongeze ujuzi. Nakubaliana naye. Ila mtu wa Idsowe hakuhitaji kupunguza kitu, maana hakuwahi kuongeza.

Je, nzi bandia hana kazi kabisa kwetu? Anayo, kwa majira na mahali. Delta, ambayo tangu 2012 imo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu, ina maziwa yaliyoachwa pembeni na mto, kama Shakababo na Bilisa. Mafuriko yakishuka na maji kutulia wiki kadhaa, tope linazama na maji yanapata mwanga. Hapo perege wanaonekana wakilinda viota vyao karibu na majani. Perege dume anayelinda kiota anamshambulia nzi kwa hasira, si kwa njaa, na kwenye fimbo namba 5 ni burudani ya kweli. Omba mwenyeji akupeleke kwa mtumbwi, na asubuhi mapema. Mwenye mtumbwi anajua viboko wamelala wapi, wewe hujui.

Kisha kuna Kipini, mto unapokutana na bahari. Maji yakijaa, chumvi inasukuma tope nyuma na mstari wa rangi mbili unaonekana wazi. Kolekole wanaingia na maji hayo kufukuza dagaa, na hapo fimbo namba 8 inastahili nauli yake ya ndege. Nzi wawe wakubwa, weupe, wenye ndoana zisizopata kutu upesi. Ukirudi suuza rili kwa maji ya kisima, chumvi haina huruma.

Kwa hiyo nikiulizwa kitita kimoja tu, nasema namba 8 ya vipande vinne kwa mwenye hamu ya Kipini, namba 5 kwa mwenye kupitia Nyeri au kulala Shakababo. Namba 6, ambayo wauzaji huipendekeza ili wamridhishe kila mtu, mimi niliinunua na haikuniridhisha popote. Anayekwenda Garsen tu, akae ukingoni na jamaa zake, asinunue fimbo. Apige simu kwanza.

Mimi nilipiga kabla ya safari ya pili. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, baba. Unakuja lini?" Nikamuuliza nimletee nini. Alinyamaza kidogo akihesabu. Ndoana namba 8, paketi mbili. Nailoni, si ile nyembamba kama unywele niliyokuja nayo mara ya kwanza. Betri za tochi. Miwani ya kusomea.

Nilimpelekea vyote, na juu yake nikambebea kiboksi cha nzi wa Kipini, wale wakubwa, wameshonwa vizuri kwa manyoya meupe na nyuzi za kung'aa. Jioni nilimkuta amekaa ukingoni na wembe, amevaa miwani mpya, anamvua mmoja manyoya kwa uangalifu, unyoya mmoja mmoja, mpaka ikabaki ndoana tupu. Akaikuna kwenye ukucha. Ikakwama. Akachukua mnyoo.

"Ndoana nzuri hii," akasema. "Waliivisha nguo za nini?"