Utulivu wa Moyo kwa Watoto Siku za Likizo



Ufikapo mwezi wa Desemba shule hufungwa, na watoto huwa nyumbani. Kwetu Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, hayo ndiyo majira ya mvua na kupanda, tena ya maembe na ya Noeli. Kazi huwa nyingi na wageni huwa wengi. Basi mtoto aweza kukaa mwezi mzima pamoja na wazazi wake, asipate hata robo saa ya kusikilizwa nao.

Dawa yake ni kuuweka moyo mahali mwili ulipo. Mwaka 1979 mwalimu Jon Kabat-Zinn, huko Massachusetts katika nchi ya Marekani, alianza kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu ya siku nyingi kukaa kimya na kuziangalia pumzi zao. Zoezi lake moja ni kula zabibu kavu moja tu, polepole, kana kwamba mtu hajapata kuiona. Sisi hatuna haja ya zabibu, tunayo maembe.

Kwanza, mpe kila mtoto kipande cha embe. Akitazame, akinuse, ndipo akile polepole pasipo kusema neno. Kisha mwulize alichoonja. Wadogo watacheka, waacheni wacheke, kisha rudieni.

Pili, mvua ipigapo bati, nyamazeni pamoja mpaka kila mtu ahesabu pumzi kumi. Mtoto na aweke mkono tumboni, ausikie ukipanda na kushuka. Akichezacheza msimpige, maana utulivu wa kulazimishwa ni hofu tu.

Tatu, mwiteni mtoto achambue mchele pamoja na mama yake. Mawazo yakienda mbali, chuya na mawe humpita. Ndipo ajifunze kuyarudisha macho yake unguoni bila kukaripiwa.

Nne, jioni, kabla ya vitendawili, kila mtoto na aseme jambo moja aliloliona siku ile. Wakubwa wasikilize bila kumkatiza, na simu ziwekwe kando.

Hilo la nne lina faida kuu kwetu sisi wa nchi ya dhahabu. Mgodi mkubwa wa Buzwagi ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009, ukafungwa mwaka 2021. Lakini wachimbaji wadogo wangali wengi, toka Kahama hata Geita. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa habari za watoto, wengine wa miaka minane tu, waliofanya kazi katika machimbo ya Tanzania, na wengine walishika zebaki. Zebaki ikichomwa hutoa mvuke usioonekana, nao hudhuru ubongo, na mtoto hudhurika kuliko mtu mzima. Tena mashimo yaliyoachwa hujaa maji wakati wa mvua. Mtoto asiyesikilizwa nyumbani hana wa kumwambia ya kwamba wenzake wamemwita kwenda huko. Bali asikilizwaye kila jioni ataweza kusema, na mzazi atajua mapema.

Wazazi wapenzi, mambo haya hayataki fedha. Anzeni kwa robo saa, na mzazi mwenyewe atangulie kutulia, kwa kuwa mtoto humfuata amwonaye. Nanyi walimu, mfunguapo shule mwezi wa Januari, waulizeni watoto waliyoyaona na kuyasikia siku za likizo, kisha mwape nafasi ya kujibu.