Siku ya Mgao, Saa Ngumu kwa Aliyeacha Pombe

Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamagasa, mkoani Geita, hana mwisho wa mwezi. Anaweza kukaa wiki kadhaa akila kwa mkopo wa mama ntilie, kisha duara, yaani shimo lake la dhahabu, likatema: mawe yakagawanywa, yakasagwa kwenye karasha, dhahabu ikakamatwa kwa zebaki, na jioni hiyohiyo akashika fedha taslimu. Kati ya mnunuzi wa dhahabu na godoro lake kuna vilabu vya pombe. Kwa aliyeacha kunywa, hakuna saa ngumu kama hiyo, na wenzake wakimwona amerudi kwenye chupa husema hana msimamo.

Sayansi ya ubongo haimlaumu haraka hivyo. Katika miaka ya 1990, Wolfram Schultz, akifanya utafiti Uswisi, alipima seli za dopamini kwenye bongo za nyani waliokuwa wakipewa maji ya matunda. Mwanzoni seli hizo zilichangamka juisi ilipofika mdomoni. Baadaye, nyani walipojifunza kwamba taa au ishara fulani hutangulia juisi, zikachangamka kwa ishara, na juisi yenyewe ikapita bila shamrashamra. Mnywaji naye hujifunza hivyohivyo, tena kwa nguvu zaidi, kwa kuwa pombe huusukuma mfumo huo wa dopamini moja kwa moja. Noti mkononi, muziki wa glosari, ngurumo ya karasha: kila kimoja huamsha kiu kabla chupa haijafunguliwa. Ndiyo maana mtu hukaa kijijini kwao miezi bila shida, akirudi machimboni kiu ikamvamia.

Nguvu ya mahali ilionekana wazi kwa wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia na kukuta kwamba takriban mmoja kati ya watano alikuwa mtegemezi wa heroini akiwa vitani. Baada ya kurudi nyumbani, katika mwaka wa kwanza ni asilimia 5 hivi tu ya hao waliorejea kwenye utegemezi. Kweli, vita vilikuwa vimewaishia, na heroini ya nyumbani ilikuwa ghali. Lakini hayo nayo ni sehemu ya mahali.

Mchimbaji hawezi kuhama. Mkate wake uko shimoni. Serikali iliwahi kumpunguzia mzigo kidogo ilipopiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017, maana pombe kali ya bei ya chenji ilikuwa ikikaa mfukoni mwa suruali. Gongo, hata hivyo, haingoji kiwanda. Kilichobaki mikononi mwake ni vipande vidogo vya mahali: njia anayopita, anayeandamana naye, na zaidi ya yote, fedha.

Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba nia yenye saa na mahali hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu. “Nitajitahidi” haina mlango wa kuingilia. “Nikishalipwa tu, napanda bodaboda hadi kwa wakala na kumtumia mama watoto kabla sijala” ina mlango. Kuziacha fedha kwenye simu yake mwenyewe hakutoshi, kwa sababu simu hulipa bia pia. Ziende kwa mke, kwa dada, au kwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa.

Kisha ale. Njaa, kiu ya joto la shimoni na usingizi wa zamu ya usiku hujifanya hamu ya pombe. Na atataniwa: “Vipi, umeokoka?” Awe na jibu fupi tayari. Wengi husema wako kwenye dozi. Ni uongo, lakini kwa maoni yangu ni uongo wenye faida. Hamu yenyewe, kama alivyofundisha mwanasaikolojia Alan Marlatt wa Seattle, hupanda, hufika kilele na kushuka bila kulishwa, mara nyingi ndani ya nusu saa. Kazi ni kuipitisha nusu saa hiyo akiwa mbali na kilabu.

Lipo onyo moja, nalo ni zito. Aliyekuwa akinywa sana kila siku asikate pombe ghafla peke yake kambini. Degedege huweza kumpata ndani ya siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne huenda akatetemeka, akaona visivyokuwepo na kuropoka, hata jirani wakadhani amerogwa. Hali hiyo huua. Hospitalini kuna dawa za kuituliza, pamoja na vitamini B1, ambayo upungufu wake huharibu kumbukumbu.

Marlatt aligundua jambo jingine: mara nyingi kinachomwangusha mtu kabisa ni wazo linalofuata glasi ya kwanza, “nimeshaharibu, ngoja nimalizie.” Aliyeteleza Jumamosi ana maswali ya kujiuliza Jumapili akiwa na akili timamu. Nilipita njia gani? Nilikuwa na nani? Fedha zilikuwa wapi? Ikiwa zilikuwa mfukoni, basi kabla ya mgao ujao amwombe mke au dada aje asimame naye pale kwa mnunuzi.